KUPIMA MAARIFA YA HABARI ZA SAYANSI
Maswali Sita kwa Wanafunzi na kwa Watu Wazima

Katika nyumba nyingi, za shamba na za mjini, mwanafunzi ndiye anayeulizwa mambo. Redio ikitangaza dawa mpya, au gazeti likileta picha ya ajabu kutoka angani, mama humgeukia mtoto wake aliye shuleni na kumwuliza, "Mwanangu, habari hii maana yake ni nini?" Jibu la mtoto huyo laweza kufuatwa na nyumba nzima. Akijibu vema, nyumba imepata faida. Akijibu nusu nusu, yaweza kutokea hasara, tena hasara isiyolipika.

Chukua mfano wa chanjo ya malaria. Mtoto aliyesikia tu kwamba chanjo imepatikana atamwambia mama yake hivyo hivyo. Mama naye, akidhani kuwa kitoto chake kikisha kuchanjwa hakiwezi tena kuugua, ataona chandarua hakina kazi, na huenda akakitandaza juu ya vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Habari aliyopewa ilikuwa ya kweli, lakini kitanda kimebaki bila chandarua. Hakuna aliyesema uongo katika nyumba hiyo. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya habari.

Kwa hiyo kuwapima wanafunzi katika habari za sayansi si mchezo wa kupitishia saa ya mwisho ya Ijumaa. Ni kazi yenye maana. Lakini mtihani ukiuliza majina na tarehe peke yake, humpima mwanafunzi kumbukumbu yake wala haumpimi ufahamu. Madhumuni ya somo hili ni kuwaonyesha walimu, wazazi, na viongozi wa vikundi vya watu wazima njia iliyo bora zaidi, kisha kuwapa maswali sita tayari pamoja na majibu yake.

NAMNA YA KUULIZA

Kila habari ya sayansi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni tukio: jambo gani limefanyika, wapi, na lini. Ya pili ni ushahidi: wenye elimu wamejuaje kuwa jambo hilo ni kweli. Ya tatu ni mpaka: habari hiyo yafika wapi, na ni jambo gani ambalo watu hulidhani lakini habari yenyewe haikulisema.

Mtihani mwema huuliza zote tatu. Tukio lipewe alama 1, ushahidi alama 2, na mpaka alama 2. Hivyo kila swali lina alama 5, na maswali sita yana alama 30. Mwanafunzi aliyekariri majina na tarehe zote bila kosa hata moja, asijue zaidi ya hayo, atapata alama 6 tu.

Mambo huwa hivi darasani:

"Mwaka 2019 wataalamu walionyesha picha ya kitu gani?" mwalimu auliza.

"Picha ya shimo jeusi, mwalimu."

"Vema. Umepata alama moja. Sasa, shimo jeusi halitoi mwanga hata kidogo. Picha yake ilipatikanaje?"

Hapo mwanafunzi hunyamaza, na wenzake hutazama chini. Hapo ndipo mtihani wenyewe unapoanza.

MASWALI

1. Mwaka 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto katika nchi tatu za Afrika. Ni nchi zipi? Ilijulikanaje kuwa chanjo hiyo yafaa? Je, mtoto aliyechanjwa aweza kuugua malaria?

2. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya kaburi la mtoto katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Lina umri gani? Ilijulikanaje kuwa mtoto huyo alizikwa na watu, wala hakufukiwa na udongo kwa bahati tu? Je, ndilo kaburi la kale kuliko yote duniani?

3. Mwezi wa Januari, 2024, ilitangazwa habari ya mimba ya kifaru katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Ilikuwa mimba ya namna gani? Ushahidi wake ulipatikanaje? Je, vifaru weupe wa kaskazini wamekwisha okoka?

4. Tarehe 15 Aprili, 2023, setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa angani. Kazi yake iliyokusudiwa ni nini? Je, hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza ya Kenya? Toa ushahidi wa jibu lako.

5. Tarehe 10 Aprili, 2019, ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi. Ilipatikanaje? Je, jicho la mwanadamu lingeweza kuliona shimo hilo kama lilivyo katika picha?

6. Tarehe 26 Septemba, 2022, chombo kiitwacho DART kiligonga jiwe kubwa angani. Kwa nini? Ilijulikanaje kuwa jiwe lile limesukumwa? Je, jiwe hilo lilikuwa likija kuipiga dunia?

Mwanafunzi apewe nafasi ya kufikiri na kuandika kabla ya kusomewa majibu. Msomaji naye afanye vivyo hivyo.

MAJIBU

1. Chanjo ya malaria

Nchi hizo tatu ni Malawi, Ghana, na Kenya. Malawi na Ghana zilianza mwezi wa Aprili, 2019, na Kenya ilianza tarehe 13 Septemba mwaka huo huo, huko Homa Bay. Chanjo yenyewe huitwa RTS,S. Tarehe 6 Oktoba, 2021, Shirika la Afya Duniani lilishauri itumike kwa watoto wa mahali penye malaria nyingi, na mwaka 2023 shirika hilo likaikubali chanjo ya pili iitwayo R21.

Ushahidi ulipatikana kwa kulinganisha. Kabla chanjo haijatolewa kwa watu wengi, ilijaribiwa toka mwaka 2009 hadi 2014 kwa watoto wapatao 15,000 katika nchi saba za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo vitatu: Kilifi, Kombewa, na Siaya. Watoto waligawanywa kwa kura. Wengine walichanjwa chanjo ya malaria, na wengine chanjo ya ugonjwa mwingine. Wazazi hawakujua mtoto wao yumo kundi gani, wala waliowapima watoto hawakujua, ili mtu asije akaona kile anachotamani kukiona. Mwisho wagonjwa wa makundi yote wakahesabiwa. Kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, na waliopata sindano zote nne, chanjo ilizuia kadiri ya mara 4 katika kila mara 10 ambazo mtoto angeugua, kwa muda wa miaka minne.

Mpaka wake wajulikana kwa hesabu hiyo hiyo. Ikiwa mara 4 katika 10 zimezuiwa, basi mara 6 hazikuzuiwa. Mtoto aliyechanjwa aweza kuugua, na chandarua na dawa zabaki na kazi yake. Tena asidhani mtu kuwa faida hiyo ni ndogo. Katika mwaka 2022 malaria iliua watu wapatao 600,000 duniani, na wengi wao walikuwa watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Katika nchi zile tatu zilizoanza, ilionekana kuwa vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kadiri ya 13 katika kila 100. Hao ni watoto wengi waliorudi kucheza uani.

2. Mtoto wa Panga ya Saidi

Kaburi lina umri wa miaka kadiri ya 78,000. Wachimbaji wa mambo ya kale, wakiwamo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliona vipande vya kwanza vya mifupa mwaka 2013, na habari yote ikatangazwa mwezi wa Mei, 2021. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, na wataalamu wa ulimwengu mzima humwita kwa neno la Kiswahili, Mtoto.

Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kuwa kama unga, hata haikuwezekana kuishika kwa mkono. Kwa hiyo bonge zima la udongo lilifungwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi, kisha Burgos katika nchi ya Hispania, likachunguzwa huko kwa mashine zionazo ndani ya kitu kabla hakijapasuliwa. Ikaonekana kuwa mtoto amelazwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ilikuwa bado imepangika mahali pake, maana yake mwili ulifunikwa upesi, wala haukuachwa juu ya nchi ukatawanywa na wanyama. Udongo uliojaza shimo ulikuwa tofauti na udongo wa kando kando yake, nayo ni dalili kuwa shimo lilichimbwa kwa makusudi. Hata kichwa kilikuwa kimeinama kama kwamba kiliwekwa juu ya kitu mfano wa mto, ambacho kimekwisha kuoza. Umri wa kaburi ulijulikana kwa kupima punje za mchanga, kwa kuwa mchanga uliofukiwa hujiwekea nguvu kidogo kidogo tangu siku ya mwisho ulipoonwa na jua, na nguvu hiyo yaweza kupimwa.

Mpaka ni huu. Kaburi hilo ni la kale kuliko makaburi yote ya watu yajulikanayo katika Afrika, lakini si la kale kuliko yote duniani. Katika nchi ya Israeli yameonekana makaburi yenye umri zaidi. Mwanafunzi akisema "la kwanza duniani" apoteze alama 2, ingawa ameisifu nchi yake.

3. Mimba ya kifaru

Tarehe 19 Machi, 2018, kifaru aitwaye Sudan alikufa huko Ol Pejeta. Alikuwa dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini. Walisalia majike wawili, Najin na binti yake Fatu, wala hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Kwa hiyo wataalamu walitaka kujua kama kiinitete kilichotengenezwa katika maabara chaweza kupandwa katika tumbo la kifaru jike wa jamii nyingine, akakibeba. Mwezi wa Septemba, 2023, jambo hilo lilijaribiwa Ol Pejeta, na mimba ikashika. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kifaru kupata mimba kwa njia hiyo.

Ushahidi ulipatikana kwa huzuni. Baada ya mvua kubwa, jike yule alipata ugonjwa uliotokana na vijidudu vya udongoni, akafa mwezi wa Novemba. Alipopasuliwa, alionekana na mimba ya dume ya siku 70, yenye urefu wa sentimita 6.4, iliyokuwa ikikua vizuri. Tena vipimo vya nasaba vilithibitisha kuwa ilitokana na kiinitete kilichopandwa.

Mpaka wake wengi huukosa. Kiinitete kile kilikuwa cha kifaru mweupe wa kusini, si cha kaskazini. Wa kusini wako kwa maelfu, ndiyo sababu walitumiwa kwanza katika majaribio, maana viinitete vya kaskazini ni vichache mno visivyofaa kupotezwa. Habari ya Januari, 2024, ilisema kuwa njia imepatikana. Haikusema kuwa ndama wa kaskazini amezaliwa.

4. Setilaiti Taifa-1

Taifa-1 ni setilaiti ya kuitazama dunia kutoka juu. Ilikusudiwa kupiga picha za kusaidia kazi za kilimo, hifadhi ya mazingira, na kutambua maafa kama ukame na mafuriko. Ilirushwa kutoka Vandenberg, California, katika Marekani.

Sehemu ya pili ya swali hili hupima neno moja tu, nalo ni neno "kwanza". Magazeti hulipenda sana neno hilo. Mwanafunzi mwenye kutafuta ushahidi atapekua habari za nyuma, naye ataona kuwa tarehe 11 Mei, 2018, kisetilaiti kidogo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kiitwacho 1KUNS-PF, kiliachiwa angani kutoka kituo cha anga cha mataifa. Hicho ndicho kilichotangulia. Taifa-1 ilitangazwa kuwa ya kwanza ya Kenya iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ya kudumu, si kwa majaribio, na maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyodondoka njiani habari ilipokuwa ikisimuliwa.

Mzee mwenye kumbukumbu aweza kuongeza neno lingine. Tarehe 12 Desemba, 1970, sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Jina lilikuwa la Kiswahili na bahari ilikuwa ya Kenya, lakini setilaiti ilikuwa mali ya Marekani. Mpaka wa habari ni huo: mahali kitu kiliporushwa si lazima pawe ndipo kilipotoka.

5. Picha ya shimo jeusi

Shimo jeusi ni mahali angani penye nguvu ya kuvuta kubwa mno hata mwanga hauwezi kutoka. Vipimo vya ile setilaiti Uhuru vilikuwa kati ya vile vilivyowasaidia wataalamu kutambua kuwa kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda kikawa shimo la namna hiyo. Lakini hadi 2019 hakuna aliyekuwa amepata picha. Lililoonyeshwa mwaka huo liko katika kundi la nyota liitwalo M87, mbali na dunia kwa mwendo wa mwanga wa miaka milioni 55, na uzito wake ni kama wa majua bilioni 6.5.

Picha haikupigwa na kamera moja. Mwezi wa Aprili, 2017, darubini nane za mawimbi ya redio, katika nchi mbalimbali na hata Ncha ya Kusini, ziliungana katika kazi moja, kila moja ikiweka saa yake sawasawa na nyingine kwa saa za atomu. Vipimo vilijaza diski nyingi hata haikuwezekana kuvituma kwa waya, bali vilichukuliwa kwa ndege. Diski za Ncha ya Kusini zilingoja miezi mingi mpaka baridi kali ipungue, ndege iweze kutua. Baadaye wataalamu waligawanyika makundi manne, wakakatazwa kuambiana habari, kila kundi litengeneze picha yake peke yake. Walipokutana, makundi yote manne yalikuwa na pete ile ile yenye giza katikati. Mashahidi wanne wasiosemezana wakitoa neno moja, hakimu huwasikiliza.

Mpaka: kinachoonekana ni pete ya gesi yenye joto kali izungukayo shimo, na kivuli chake katikati. Shimo lenyewe halionekani. Tena rangi ile ya moto iliwekwa na watu ili picha isomeke, kwa sababu mawimbi ya redio hayana rangi kwa jicho la mwanadamu.

6. Chombo kilichogonga jiwe

Wataalamu walitaka kujua kama siku moja jiwe likija kuelekea dunia, wanadamu wataweza kulisukuma likaepuka. Kwa hiyo Marekani ilikipeleka chombo DART, chenye uzito wa kilo kadiri ya 570, kikaligonga jiwe Dimorphos kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa kila sekunde, mbali na dunia kwa kilomita milioni 11 hivi.

Dimorphos huzunguka jiwe lililo kubwa zaidi, Didymos. Kila mara linapopita mbele au nyuma ya mwenzake, mwanga wa mawe hayo hupungua kidogo, na darubini za duniani huweza kuona hayo. Kwa kuhesabu muda toka kupungua kwa mwanga mara moja hata mara nyingine, ikajulikana kuwa kabla ya kugongwa jiwe lilizunguka kwa saa 11 na dakika 55, na baada ya kugongwa kwa saa 11 na dakika 23. Dakika 32 zimepungua. Wenye kazi walikuwa wamesema kuwa hata sekunde 73 zingewatosha.

Mpaka: jiwe hilo halikuwa likija kuipiga dunia, wala hatari ilikuwa haipo. Lilichaguliwa kwa ajili ya jaribio tu. Anayesema kuwa dunia iliokolewa siku hiyo amesimulia hadithi nzuri, lakini hakujibu swali.

SWALI LA ZIADA KWA WENYE BIDII

Je, habari ya sayansi ikitangazwa na wataalamu wakubwa yaweza kuwa na kosa?

Yaweza. Mwezi wa Septemba, 2011, wataalamu walisema wamepima neutrino, yaani vijipande vidogo kuliko atomu, vikisafiri chini ya ardhi kilomita 730 hivi kutoka karibu na Geneva, Uswisi, hadi Gran Sasso, Italia, na kwamba vilionekana kuushinda mwanga mbio. Habari ilienea duniani kote. Mwaka 2012 ikagunduliwa kuwa waya mmoja wa saa yao haukufungwa barabara. Vipimo viliporudiwa, neutrino hazikuushinda mwanga.

Mwanafunzi asichukue jambo hili kuwa fedheha. Wataalamu wenyewe walipotangaza waliwaomba wenzao wawachunguze, na kosa lilionekana kwa sababu walitafuta. Mganga wa hirizi hamwombi mtu arudie vipimo vyake. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mwanafunzi yampasa kuijua, maana ataihitaji siku atakapoletewa dawa ya kuponya magonjwa yote kwa bei ya chupa moja.

KUTUNGA MASWALI MAPYA

Mwalimu asingoje maswali kutoka mahali pengine. Kila Jumatatu na aandike ubaoni habari moja ya sayansi iliyosikika juma lililopita, na chini yake mistari mitatu: Nini kilitokea? Kilijulikanaje? Habari haikusema nini? Wanafunzi wajaze mistari hiyo kwa kadiri wawezavyo. Mstari ukibaki mtupu, na ubaki mtupu mpaka mtu apate jibu kwa kusoma au kwa kuuliza. Mstari mtupu ni bora kuliko uliojazwa kwa kubahatisha, na darasa lenye kuzoea kuuona mstari mtupu bila haya limekwisha kujifunza jambo kubwa.

Akina mama katika vikundi vyao, na wazee barazani, waweza kufanya vivyo hivyo bila ubao. Mmoja asome habari kwa sauti, wengine waulize maswali yale matatu. Asiyejua kusoma aweza kuuliza vizuri kuliko aliyesoma sana, kwa kuwa kuuliza "mmejuaje?" hakuhitaji cheti.

KUHESABU ALAMA

Aliyepata alama 24 au zaidi katika 30 anafahamu habari za sayansi, na nyumba yake yaweza kumtegemea. Aliyepata toka 12 hadi 23 asikiapo habari huielewa, lakini na ajizoeze kuuliza mpaka wake. Aliye chini ya 12 asikate tamaa. Na asome majibu mara nyingine, kisha ajipime tena baada ya juma moja bila kutazama.

Na siku mama atakapomgeukia mtoto wake na kumwuliza habari ya chanjo, mtoto ajibu hivi: "Ni kweli, mama, chanjo ipo. Ilijaribiwa kwa watoto wengi, hata wa kwetu Kenya, ikaonekana yasaidia. Lakini haizuii yote. Tumpeleke mdogo wangu akapate sindano zote nne, na usiku alale ndani ya chandarua." Jibu hilo ni fupi, nalo lina tukio, ushahidi, na mpaka. Huyo amepata alama 5 zote, na mdogo wake amelala salama.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.